Picha ya Mwizi

4 Machi 2021. Mwaka wa nne tangu niondoke.

Baba,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mdogo wangu anayekusomea asiruke mistari, namjua.

Mimi mzima sasa, ila wiki iliyopita nilikuwa hoi. Hapa ugenini, kwenye ghala la baridi, wapakiaji wote tumechanjwa korona. Sindano yenyewe si kitu. Jioni ndipo mwili ukanigeuka: homa, kutetemeka, mkono hauinui hata kijiko. Mimi ninayebeba maboksi mawili ya nyama kwa mkupuo, mpishi wa bweni letu ndiye aliyeniinua ninywe maji! Msimamizi akasema, "Nyie mnatafuta kulala tu."

Nanyi zamu yenu ikifika, nendeni.

Mwanao.


9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nasema, mdogo wako anaandika. Kifua kinakoroma, ila nakula.

Barua yako ilisomwa ukumbini kama kawaida, majirani wamejaa. Fundi viatu akadakia: "Kama imeliangusha jitu lile, huyu mzee si itamzika?" Tulicheka, lakini limenikaa rohoni. Siendi. Korona niliiugua mwaka jana nikapona. Mwili wangu umeshapigana nayo ukashinda, sindano ya nini tena?

Baba yako.


2 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikakasirika, unisamehe. Katika yote niliyoandika mmesikia homa tu?

Nilimwendea muuguzi aliyetuchanja nikamuuliza. Akasema: "Ghala lenu si lina walinzi? Na mwili ni hivyo hivyo." Mwaka jana mwizi aliingia kwako walinzi hawamjui, ndiyo maana uliteseka. Mwishowe walimjua, wakamtoa. Lakini kukitulia, wengi wao huondoka. Hubaki wachache wanaoikumbuka ile sura, na uzeeni kumbukumbu hiyo huchakaa. Mwizi naye hubadilisha nguo.

Sindano ni picha ya mwizi, baba. Mwenyewe hayumo. Walinzi wakiiona hupiga kelele na kukimbia huku na huku. Homa yangu ilikuwa hiyo, mazoezi. Na waliokwisha kupigana naye, wakionyeshwa picha hukumbuka vizuri zaidi. Ila kujipanga huchukua kama wiki mbili. Usingoje mpaka mwizi awe uani.

Nenda, baba. Nakuomba.

Mwanao.


12 Septemba

Kaka,

Salamu zimenishinda. Tumemzika baba.

Barua yako niliisoma ukumbini. Alicheka sana pale kwenye walinzi, akasema, "Haya, nikaonyeshwe hiyo picha." Kesho yake akachukua mkongojo, akaenda. Lakini siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameshinda kwa fundi viatu, aliyekuwa anakohoa na kusema ni vumbi la ngozi. Siku chache baada ya sindano, pumzi ikamwisha baba. Muuguzi wa kliniki anasema alichanjwa ugonjwa ukiwa umeshaingia, walinzi hawakupata muda wa kujipanga.

Nani atamsikiliza? Mtaa mzima unasema sindano imemuua, na barua yako ndiyo iliyompeleka. Fundi viatu amepona, naye ndiye anayesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Kliniki imebaki viti vitupu.

Mimi pia siendi. Jumatatu narudi kazini hospitali, kupiga deki wodi ya korona, na iwe itakavyokuwa. Usinitumie maelezo tena. Nilitaka kaka, nikaletewa karatasi.

Mdogo wako.


15 Oktoba

Mdogo wangu,

Pole, nami nijipe pole, maana hapa hakuna wa kunipa. Nilimwomba msimamizi ruhusa akasema, "Si ameshazikwa? Haraka ya nini?" Nimemwachia glavu zake mezani, kazi nimeacha.

Sikutumii maelezo. Nyote mlisikia jinsi nilivyoanguka. Hakuna aliyeniona nikiinuka na kurudi kwenye maboksi, nami hilo nililiandika kwa maneno matatu tu. Baba alichelewa kwa sababu hiyo, nami nitakaa nalo.

Chanjo ya nyongeza walitaka kunipa hapa, nimekataa. Nitachanjwa hapo kliniki kwenu, fundi viatu akiwepo. Kisha nitalala ukumbini mlango ukiwa wazi, atakaye aje atazame. Homa ikija, msinifunike. Nikiamka nitaoga, nitakunywa chai, na wewe utakunja mkono wa nguo yako twende wote kliniki.

Mpaka siku hiyo, barakoa usiivue humo wodini. Nafika wiki ya kwanza ya Novemba.

Kaka yako.