Foleni ya Watu Wawili Mpakani

Husby, Stockholm

Mama yangu mpenzi,

Hujambo Mama? Goti limepoa, au bado unadanganya watu kuwa limepoa? Sisi huku tu wazima. Baridi ipo, kazi ya kutunza wazee ipo, namshukuru Mungu.

Nimesikia umekataa kwenda kwenye arusi ya mdogo wangu Furaha kwa sababu ni ng'ambo ya mpaka. Najua. Nilikuwepo siku ile mlinzi alipokupigisha magoti juu ya changarawe, eti karatasi yako haina mhuri. Nami nikaapa sitavuka tena mpaka wowote. Sasa sikiliza.

Jumamosi kwaya yetu ilialikwa Norwe. Nilitaka kukataa, lakini Mama Neema, yule Mrundi ninayefanya naye kazi, alinivuta mpaka ndani ya gari lake. Baada ya saa nyingi za misitu mitupu tukafika mpakani: kibao kimoja na kijumba kimoja. Mama Neema akazima gari bila kuambiwa. Mimi nikatoa mfuko wangu wa plastiki: pasipoti, cheti cha ubatizo, hata kadi ya chanjo. Tukapiga foleni mlangoni, watu wazima wawili.

Akapita bibi mmoja na mbwa wake, akauliza tunangoja nini.

"Mhuri," nikamjibu kwa Kiswidi.

Bibi wa watu alicheka mpaka akashika kiuno. "Hapa hakuna mtu! Piteni tu."

Tulicheka na sisi. Kisha hasira ikanipanda, Mama. Kumbe kuna watu wanavuka mpaka kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni! Wewe ulikosa nini? Nikavuka kwa miguu, nikarudi, nikavuka tena. Mama Neema akapiga honi: "We mama, kwaya inatungoja!" Nikamwambia ingoje.

Nimeshaomba likizo. Nakuja. Usinitishe na habari za hatari, wala usimtume kaka kutafuta mkubwa wa kutuombea ruhusa. Karatasi zetu zitakuwa kamili na adabu tutakuwa nayo, lakini woga, hapana!

Nisalimie mjomba Elia, shemasi wetu; aniombee, ila asinikataze. Na shangazi Zawadi, fundi wetu wa nguo, akushonee kitenge kipya. Tutavuka mchana, mimi na wewe, tumeshikana mikono. Akitokea mtu wa kukuambia upige magoti, atanikuta mimi nimesimama mbele yako.

Mwanao mkaidi,
Espérance