Mkono Unaochelewa

Jumapili, 24 Agosti
Nimemaliza geti la watu wa Zinga. Geti zito, wanaume wanne walishindwa kulinyanyua, nikalisimamisha peke yangu. Haya, tulikuwa wawili. Nimerudi Bagamoyo, nimeoga, nimekula mihogo ya nazi. Saumu, binti wa dada yangu Zaituni, yuko likizo ya chuo. Kaja na gemu yake, kaifunga kwenye TV ya sebuleni. Gemu ya ngoma. Vinashuka viduara vya rangi, kikigusa mstari unabonyeza pedi sawa na mdundo.

"Njoo mjomba, si unasema pwani hii hakuna mkono kama wako?"

Na ni kweli. Mwaka wa ishirini huu naongoza dufu kwenye maulidi ya mtaa wetu. Nikashika pedi. Kila nikibonyeza linatoka neno jekundu la Kizungu. Saumu kasema maana yake nimechelewa.

Gemu mbovu.

Jumatatu, 25 Agosti
Saumu kasema huenda ni spika. Haina waya, sauti inakawia njiani. Nikamwambia hilo nalijua zamani. Tukaitoa, tukaunga ile ya waya. Kwake ikawa nzuri zaidi. Kwangu nyekundu.

Jumatano, 27 Agosti
Leo tumeishughulikia TV. Kumbe inakawiza picha kwa kuipambapamba. Saumu kaizima hiyo tabia. Pedi nayo kaiunga kwa waya. Kisha kafungua ukurasa wa kupimia. Inalia tik, unabonyeza, inakuandikia sauti inakawia kiasi gani. Nikabonyeza. Namba kubwa. Akabonyeza yeye. Karibu na sifuri. Zaituni akatoka jikoni na mwiko mkononi, hajawahi kushika pedi maishani. Karibu na sifuri.

"Kumbe kazi yenyewe hii," akasema, akarudi kwa samaki wake.

Nikasema pedi hiyo imezoea mikono ya kike. Wakacheka. Nami nikacheka. Sikujisikia vyovyote.

Alhamisi, 28 Agosti
Wamekwenda sokoni. Nimekaa peke yangu na ule ukurasa wa tik. Mkono wa kulia, mara ishirini, umechelewa. Wa kushoto, mara ishirini, sawa. Wa kushoto ambao sijawahi kuupa kazi ya maana.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Mkono wa kulia una ganzi tangu Ramadhani. Vidole vitatu. Mafundi wenzangu nimewaambia nilichomwa na samaki taa kule Mlingotini, taa mkubwa kama mlango. Sijawahi kuchomwa na taa. Nadhani ni ile mashine ya kukatia chuma, miaka yote inanitetemekea kiganjani. Chai ikinimwagikia, kwanza naiona. Kuungua kunakuja baadaye.

Hofu sina. Sina kitu.

Ijumaa, 29 Agosti
Saumu kasema, "Mjomba, nakuwekea gemu ikungoje kidogo." Kabonyeza mahali. Nikacheza. Kijani mwanzo mpaka mwisho. Baada ya swala nimewaambia wa barazani kwamba gemu ya Wajapani nimeimaliza, wenyewe Wajapani hawajaimaliza.

Jumapili, 31 Agosti
Mazoezi. Maulidi Jumamosi, na mwaka huu wanakuja wapigaji wa Pangani, watapiga pamoja nasi. Tulikuwa madufu kumi na mawili. Tukapiga magoti bega kwa bega, nikashusha mkono, wote wakashuka nami. Sawasawa. Nyumbani nikamwambia Saumu, unaona, kwenye dufu sichelewi. Akatoa simu. Alikuwa karekodi mazoezi yetu. Nikamwambia weka nisikie.

Sauti ya msomaji inatangulia. Madufu yanafuata. Yote. Kumi na mawili yamechelewa kwa pamoja, kwa kiasi kile kile cha mkono wangu.

Nimesikiliza mara tatu. Nikala. Nikalala.

Jumanne, 2 Septemba
Nimekwenda dukani kwa Kombo. Yeye ndiye anayepiga kushoto kwangu, miaka yote. Nikamwuliza, mnaningoja? Akaendelea kupima mchele wa mtu mpaka akamaliza.

"Toka Mfungo Mosi, kaka, ilipokwisha Ramadhani. Tulikubaliana tu. Nani angekwambia?"

"Na msomaji?"

"Anavuta pumzi akikungoja. Lakini Wapangani hawajui. Hao hawatakungoja."

Nikamwambia basi nitapigia mkono wa kushoto. Akasema, "Utanivunja mbavu." Kweli. Safu imebanana, wote tunayumba upande mmoja, mikono yote inatoka upande mmoja. Mmoja akigeuza, viwiko vinagongana na safu inaharibika.

Miezi mitano. Na mimi barazani nawacheka kwamba wanakuwa wazito.

Nilitaka kukasirika. Haikuja.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimempelekea Kombo dufu langu. Nimemwambia aongoze yeye, miaka ishirini inatosha, na wageni wasije wakadhani mtaa huu una mtu mmoja tu. Akalipokea kwa mikono miwili. "Haya, kaka."

Saumu nimemwambia airudishe gemu ilivyokuwa, isiningoje.

"Si utachelewa tena, mjomba?"

"Nichelewe."

Jumamosi, 6 Septemba
Maulidi baada ya alasiri. Nilipewa mrashi. Nikapita kwenye safu nikiwanyunyizia marashi, mmoja mmoja, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ni utovu wa adabu. Kunyunyiza hakuna mdundo, unafika unapofika. Mbele ya Kombo nilisimama kidogo. Alikuwa kafumba macho.

Msomaji akaanza, madufu yakashuka naye. Pamoja kabisa. Mzee mmoja wa Pangani akasema, "Mashaallah, hawa wamefundishwa." Nikamwambia nimewafundisha mimi, wote. Watatu kati yao, ni kweli.

Watu wametawanyika. Zaituni anaosha masinia, Saumu anafunga gemu kwenye boksi, kesho anarudi chuo. Marashi yalibaki kidogo kwenye mrashi. Nimejimwagia kiganja cha kulia.

Harufu nimeisikia. Ubaridi, hapana.