Shingo ya Hadassa

Kamina, mwezi wa pili 1999

Shemeki Matthias,

Huku tuko bazima, mahindi imeanza kukauka. Barua yako ilifika. Weye munganga wa Bruxelles unaandika kama mutu asiguse shingo ya Hadassa bila IRM, ile mashini ya sumaku, juu munganga aone mifupa wakati anairudisha. Mashini gani, shemeki? Hapa hata radiographie, ile picha ya mifupa, haitumike: hakuna courant ya umeme, na groupe ya hôpital, ile mashini ya kutoa umeme, basoda balibeba. Treni nayo iko ya basoda tu, hatuwezi kumupeleka muji ingine.

Tangu ule bugonjwa ya koo, mutoto anaangalia kushoto tu, analia. Mama yenu anakuya kila asubuhi na mafuta, anataka kunyoosha ile shingo na mikono. Namusomea barua yako: "Mukikosea, mikono na miguu itakufa." Jana akaniuliza:

"Hiyo barua njo itageuza shingo?"

Nikamufungia mulango.

Tumegeuza kitanda ya mutoto, uso wake sasa iko kwa mulango. Anasema:

"Tonton Matthias akifika, minyi njo nitamuona wa kwanza."

Kesho mama yenu atarudi na mafuta yake. Sijue kama nitamufungia tena ule mulango.

Minyi,
Marthe, mama Hadassa