Uso Chini ya Chokaa

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua siku ya nne. Baada ya adhuhuri nimekaa na karatasi zangu za Jumamosi. Wachoraji sita huja hapa ukumbini kila Jumamosi, nami huwasomesha nilichokisoma Ujerumani ujanani. Wanauza picha kwa wageni: milango, minazi, Wamasai warefu. Wananiletea vitumbua. Nawapenda.

Mada ya wiki hii ni ekspreshonizimu. Neno gumu mdomoni. Mimi nawaambia ni uchoraji wa ndani: mtu haachi jicho limwamrishe, anachora kinachomkaba.

Nilikuwa nimefika hapo ndipo nikasikia kishindo juu. Chumba cha mwisho, cha marehemu mdogo wangu Salma. Kipande cha saruji, upana wa sinia, kimeanguka kutoka ukutani. Kimekuja na chokaa ya chini yake. Nimefagia kabla ya kuinua macho, maana nilijua nitaona nini.

Jicho moja. Halijapauka hata kidogo.

Nimefunga mlango. Nimerudi kwenye karatasi. Sikuandika kitu.

Jumatano, 16 Aprili

Fundi Haji amekuja. Tulipokuwa tunapanda ngazi alinisema: ngazi ina vidato kumi na saba, kwa nini mzee wa umri wangu aruke cha kumi na mbili? Ataanguka. Nikasema mazoea.

Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari. Akauliza: "Maalim, saruji hii kaipaka adui yako?"

Nikasema naam, namfahamu.

Ni mimi. Miaka thelathini nimekuwa nikiwaeleza majirani kwamba nyumba zetu za mawe ya matumbawe zinataka chokaa. Ukuta hunywa maji wakati wa masika, huyatoa kiangazi. Chokaa inauacha upumue. Saruji inauziba. Maji yakikosa pa kutokea yanaozesha vichwa vya boriti, siku moja dari inakuja chini. Naeleza vizuri sana. Na mwenyewe nikamleta mtu akapaka saruji chumbani kwa Salma, kwa sababu chokaa haikuwa ikikaa. Kila masika ilivimba mahali palepale na kubanduka palepale. Chini yake mna rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta haishikani na chokaa. Nilitaka kitu kizito cha kuufunika ule uso. Nikauhatarisha ukuta mzima.

Fundi anasema plasta yote itoke mpaka kwenye jiwe. Lakini hagusi kwanza. Nyumba ni ya mirathi, yangu na ya mdogo wangu Zakia. Anataka amsikie Zakia mwenyewe, akishauona ukuta. Kwa simu hataki. Zamani alibomoa ukuta wa watu kwa kauli ya kaka mmoja, dada wakaja juu, mpaka leo hapiti mtaa ule.

Zakia anaishi Jambiani. Aliolewa huko, akalima mwani mpaka magoti yakakataa. Ni pacha wa Salma. Huja hapa kwa harusi na misiba, hukaa chini na wanawake, hurudi. Hajapanda ngazi hii tangu hitima ya pacha wake. Zaidi ya miaka hamsini.

Jumamosi, 19 Aprili

Somo. Nimewaeleza hivi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla ya vita vya kwanza vya dunia, vijana kadhaa wa Dresden, mji niliosomea, walichoshwa na picha za kupendeza. Miji ilikuwa imevimba kwa viwanda na wageni, watu wanapishana bila salamu, na picha bado zinaonyesha maua mezani. Wakaingia makumbusho wakaona sanamu na vinyago vilivyochukuliwa Afrika na visiwa vya mbali. Nyuso zilizochongwa bila kubembeleza. Wakashtuka. Wakarudi kuchora watu wa manjano na barabara zilizopinda. Mizizi ilikuwa mirefu zaidi: Mholanzi aliyechora miti kama inaungua, na Mnorwei aliyemchora dada yake mgonjwa, akarudia, akarudia tena, miaka mingi baada ya dada kufa.

Hapo nikasimama. Nikanywa maji.

Rahma ndiye anayeuliza kuliko wote. Ana miaka thelathini, mkono mzuri, ulimi mkali. Akasema: "Maalim, na wewe mara ya mwisho umechora lini?"

Wenzake wakacheka. Nikamwambia mwalimu wa kuogelea si lazima alowe. Akajibu kwamba huyo yeye hampi mtoto wake. Walicheka zaidi.

Sikulala mchana. Swali lake lilikuwa halali.

Jumapili, 20 Aprili

Uso umetoka wote. Mvua ya jana imemalizia. Paji, macho mawili, mdomo ulio wazi mpaka karibu na kidevu. Kijani. Nilikuwa nimesahau ukubwa wake. Unaanzia kiunoni mwangu unapita kichwa.

Naandika lililotokea, kwa kuwa hakuna mtu nitakayempa kurasa hizi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dresden, miezi mitatu. Salma alipata homa, ikampanda kichwani. Siku mbili. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Familia ikasema alikwenda kwa utulivu, kama aliyelala. Siku ya saba nilijifungia chumbani kwake na kopo la rangi ya mafuta, nikamchora ukutani kwa muda wa alasiri moja. Niliona nafanya jambo la kweli. Nilikuwa nimesoma mno.

Mama alifungua mlango. Hakupiga kelele. Alimwita mtu wa chokaa. Baadaye akasema nimemdhihaki maiti, na ubaya zaidi, uso ule ni wa pacha, basi nimemchora na aliye hai. Zakia alikatazwa kuuona. Mimi sikushika brashi tena. Nikawa mwalimu wa historia ya brashi za wengine.

Leo nimekaa nao nusu saa. Popote nilipohamia, macho yalinifuata.

Jumanne, 22 Aprili

Nimempigia Zakia. Nimemweleza habari ya saruji, boriti, sharti la fundi. Akauliza kama uso umetoka. Nani kamwambia? Hakuna. Nikasema umetoka.

Atakuja Jumamosi. Nimeahirisha somo.

Usingizi hakuna. Chakula kidogo.

Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi nimepanda na nyundo. Nilitaka Zakia akute jiwe tupu. Ningesema plasta imeanguka yenyewe. Nilipiga mara moja, pembeni ya kidevu. Kikatoka kipande kama ganda la yai. Mkono ukakataa.

Nauandika ukweli. Siuogopi uso. Naogopa swali. Zakia akiuona mdomo ule ataniuliza niliujuaje, na mimi sina uongo mwingine uliobaki.

Jumamosi, 26 Aprili

Alifika saa nne. "Shikamoo kaka." "Marahaba." Akavua viatu. Amekonda. Alitazama ngazi kwa muda, akasema magoti yake yataniapiza. Nilimtangulia. Fundi Haji alikuwa tayari juu.

Kwenye kidato cha kumi na mbili nikaruka. Nyuma yangu akasimama.

"Mbona unaruka?"

Nikasema kimelegea. Akakikanyaga mwenyewe, mara mbili, kwa nguvu. Hakikutoa sauti.

Chumbani aliusogelea uso. Fundi akakumbuka mfuko wake, akatoka. Mstaarabu.

"Mdomo ndio wenyewe," Zakia akasema. "Macho siyo. Alikuwa kayafumba. Haya ya mtu mwengine."

Najua ni yangu. Nilijua tangu Jumapili.

Akaketi kitandani. Akanieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia. Kwamba yeye ndiye aliyeishika miguu ya Salma. Kwamba hakulala kwa utulivu wala nini. Kwamba wakubwa walikubaliana la kuwaambia watu, na yeye akalisema, msiba mzima, kila aliyeuliza akamjibu alikwenda vizuri. Mpaka leo.

"Mie nlidhani mdomo ule n'nao peke yangu," akasema. "Mama kanambia umemdhihaki. Nikaamini."

Kisha: "Lakini kijani kwa nini?"

Miaka hamsini nimewaeleza wanafunzi maana ya rangi isiyo ya asili. Nikamwambia ilikuwa rangi ya mlango. Ndiyo iliyobaki koponi.

Alicheka. Kidogo, puani. Nami nikacheka. Kwa dakika ile nilidhani nimeponea.

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa akikuita wewe. Kaka, kaka. Nikamwambia kaka yuko msikitini, atakuja sasa hivi. Sasa kama ulikuwa msikitini, mdomo umeuona wapi?"

"Sikuuona. Niliusikia. Nilikuwa kwenye ngazi."

Akauachia mtandio.

"Kidato cha kumi na mbili. Niliisikia kila mara aliyoniita. Nilijua nikiitika itabidi niingie. Sikuitika."

Katika nyumba hii mtu akiitwa huitika naam. Tulifunzwa hivyo kabla ya kufunzwa kusoma. Hata ukiwa na hasira. Hata ukiwa umekosewa.

Zakia aliinuka. Aliteremka peke yake, mkono ukutani. Nilimsikia akimwambia fundi neno moja: "Bandueni." Kisha mlango wa mtaani.

Hakuniaga.

Jumatano, 30 Aprili

Fundi ameanza. Nilikaa kwenye kiti mlangoni nikaangalia, hiyo ilikuwa haki yangu na adhabu yangu. Saruji ilitoka kwa mabamba. Uso ulitoka vipande vipande: paji, shavu, jicho, jicho. Aliuacha mdomo mwisho. Sidhani alikusudia. Akaniuliza kama nataka kipande cha kuweka. Nikasema hapana. Kifusi kimejaa viroba vitano.

Jiwe lililo chini limelowa na limepauka. Anasema liachwe likauke wiki kadhaa. Chokaa ameiloweka pipani, haina haraka.

Nimempigia Zakia mara mbili. Haikupokelewa.

Jumamosi, 3 Mei

Somo la pili: ekspreshonizimu ilivyosambaa. Nimewaeleza kwamba uchoraji ule ulipita Vienna, ukavuka bahari kwenda Amerika, ukaingia kwenye sinema za mwanzo zenye vivuli virefu na nyumba zilizopinda. Kwao Ujerumani serikali ya Wanazi ikaziteremsha picha zile ukutani, ikaziita ugonjwa, ikazionyesha ili watu wazicheke. Nyingi ziliuzwa, nyingine zikachomwa. Mwalimu wangu mzee wa Dresden alikuwa ameficha moja nyuma ya kabati la nguo, uso wa mwanamke, akaishi nao humo chumbani miaka kumi na miwili bila kuutazama. Alituambia hakuna picha aliyoiona zaidi ya ile.

Na baadaye, nikasema, wachoraji wa Afrika walikwenda kusoma Ulaya, wakafundishwa kupinda nyuso, wakadhani ni elimu ya kigeni. Sanamu zilikuwa zimetoka kwao. Zilirudi zikiwa zimevaa koti.

Kisha nikamjibu Rahma swali lake la siku ile. Nikasema: mara moja tu, na nikawaambia nilimchora nani, na kwamba kijani haikuwa na falsafa yoyote. Sikuwaambia habari ya ngazi. Ile ni ya Zakia.

Rahma hakufanya mzaha. Wakati wa kuondoka aliniachia penseli yake ya mkaa juu ya meza. Nimeiona. Sijaigusa.

Jumatatu, 19 Mei

Ukuta unakauka. Nyumba ina harufu ya chumvi.

Simu haipokelewi. Nimeacha kupiga. Amenisubiri miaka hamsini bila kujua kama ananisubiri. Na mimi nitasubiri.

Jumamosi, 21 Juni

Kipupwe. Hewa nyepesi. Fundi alimaliza Alhamisi, tabaka tatu za chokaa. Ukuta ni mweupe mpaka unaumiza macho.

Jana baada ya sala ya Ijumaa, Zakia alishuka garini mbele ya nyumba na kikapu cha ndizi na godoro jembamba. Hakueleza. Akasema atakaa siku chache, ana miadi ya macho hospitali, na kwamba chumba cha chini kina mbu. Akapanda juu. Nilimsikia akisogeza kitanda.

Leo asubuhi nilikuwa hapa mezani na penseli ya mkaa. Nilikuwa nimechora sikio. Sikio tu.

Akaita kutoka juu: "Kaka."

"Naam."

Niliitika kabla sijajua nimeitika. Nikaondoka mezani. Alikuwa ananitaka kwa dirisha, limenata kwa rangi mpya, halifunguki.

Nimekanyaga vidato vyote kumi na saba.