Kiatu cha Kushoto Kinambana

Jumatatu, 3 Machi

Kaka karudi kazini! Wiki ya saba tangu wamkate mguu wa kushoto, chini ya goti – ajali ya lori lile. Kashona soli mbili, safi kabisa. Saa nne akaacha sindano: kiatu cha kushoto kinambana, kidole kidogo. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikakishusha kiatu chake rafuni, nikakitia kalibu ya mbao, nikaanza kukitanua! Miaka kumi na tisa mteja akisema kinabana, natanua. Kaka kanitazama tu. Tulicheka mpaka tukaishiwa pumzi. Kisha akasema maumivu ni ya kweli.

Jumanne, 4 Machi

Kidole kisichokuwepo kinaumaje? Kutwa nzima swali hilo. Ndiyo maana Kaka ananiita Gundi – nikishika jambo sibanduki. Kimekunjwa, anasema, utadhani bado kimo ndani ya buti la siku ile. Akifumba macho anavihesabu vyote vitano.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki na Kaka. Muuguzi wa mazoezi, mama mmoja mcheshi, hakuchoshwa na maswali yangu. Neva za vidole hupanda mguuni hadi uti wa mgongo, na kutoka hapo habari hufika kwenye ubongo. Huko kila kiungo kina sehemu yake – mkono, mdomo, mguu. Mguu umekatwa, sehemu yake huko juu ipo! Ubongo unaamuru vidole vikunjuke, jibu haliji. Na ncha za neva zilizokatwa bado zinatuma habari. Kwa hiyo Kaka hajarukwa na akili, kama anavyotangaza muuza magazeti wa jirani. Ningemzaba kofi!

Kisha muuguzi akanigonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira – mguu ukaruka wenyewe! Hapo ubongo hausubiriwi, uti wa mgongo unajibu palepale. Nimerudi karakana nikajigonga kwa nyundo ya misumari. Sitarudia.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka hajaja. Wifi anasema hajapata usingizi siku tatu, na anataka kuuza zana zake. Zana zake! Bila yeye mimi ni wa kubandika visigino tu. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimpigia muuguzi simu asubuhi. Jaribuni kioo, kasema. Kioo? Tunacho kile cha chini, cha wateja kutazamia viatu! Nikamburuta Kaka hadi hapa. Nimekisimamisha katikati ya miguu, kimeficha ule uliokatwa. Anachoona ni wa kulia na picha yake. Miguu miwili.

"Gundi, unataka kunidanganya mimi?"

"Siyo wewe. Ubongo wako."

Nikafungua kamba za kiatu cha kulia, taratibu – kwenye kioo zikafunguka za kushoto. Nikavua kiatu, nikavua soksi. Sasa kunja vidole, nikamwambia, halafu kunjua. Kavikunja. Kavikunjua. Macho kwenye kioo, jasho linamtoka.

"Kimekunjuka," kasema. Kimekunjuka! Mabega yakamshuka. Sijamwona hivi tangu ajali.

Dakika kumi sasa. Mteja kabisha hodi, hatukuitika, kaenda zake. Kaka hajapepesa macho. Ameuliza polepole, "Mdogo wangu, na ukikiondoa kioo?"

Naandika kwa mkono mmoja, daftari gotini. Mwingine umeshika kioo.