Vidonge Vinne vya Futari

Jumatatu, 4 Januari 1999

Macho yamekuwa ya njano. Mwanvua ameona kabla yangu — ana macho binti huyu! «Papa, macho yako imekuwa kama mawese!» Nimesema ni mwanga wa dirisha. Miaka arobaini nimefundisha, na sijui hata kudanganya.

Daktari Namegabe alinionya tangu mwanzo: dawa hii inaua vifuko vya minyoo ya tegu vilivyo kichwani, vile vinavyoniletea kifafa, lakini inaweza kuunguza ini. Tupime damu kila wiki. Tupime wapi? Laboratwari haina dawa za kupimia. Vikwazo! Tangu mapinduzi nchi imefungiwa biashara, na ini langu pamoja nayo.

Alhamisi, 7 Januari

Mwili mzima unawasha. Majirani wamekuja kufuturu, na Mwanvua amewatangazia: mzee alipata mayai ya tegu kwenye mboga zisizooshwa. Ni kweli daktari alisema inawezekana, hata kwa Mwislamu asiyekula nguruwe. Jirani Chabani amecheka hadi akakohoa: «Ee Mwalimu, lengalenga, mchicha tu, imekuangusha!»

Wote wananiona msafi. Inaniudhi kuliko huku kuwashwa.

Jumapili, 10 Januari

Nitakufa karibuni, basi niandike.

Mwaka wa tisini na tano, risasi zilinikwamisha mtaa wa Kibenga wiki tatu, kwa mwalimu mwenzangu Libère. Hapakuwa na chakula ila nguruwe wake, na makaa kidogo. Nyama iliiva nusu. Nilikula. Dharura, dini inaruhusu. Lakini wiki ya tatu maharage yalipatikana — na mimi nilichagua nyama. Vita vilipotulia nikawa narudi kwake kila Jumapili. Tamu! Mpaka Libère alipofariki.

Ndiyo maana ninafunga. Daktari amekataza, binti amekataza, Mungu mwenyewe amemsamehe mgonjwa. Uji anaoniachia Mwanvua akienda sokoni naumwagia kuku. Wenzangu hujificha kula, mimi najificha kufunga! Na vidonge, viwili asubuhi na viwili jioni, navimeza vyote vinne magharibi, kwa supu ya mafuta.

Jumanne, 12 Januari

Hatimaye dawa za kupimia zimepatikana, wamepima. Ini liko vibaya. Daktari amekuja mwenyewe na karatasi mkononi. Tukiacha dawa, kifafa kitarudi. Tukiendelea, ini litakwisha. Labda kupunguza — lakini lazima ajue ninavyomeza, maana vingi kwa mpigo na mafuta huizidishia dawa nguvu. Ameuliza kama ninafunga.

Mwanvua ameruka: «Papa? Apana, Docteur! Mi namwachia uji kila siku, bakuli narudi nalikuta safi!»

 Daktari amenipa karatasi nyingine, yenye safu mbili, asubuhi na jioni: «Wewe ni mwalimu, niandikie vidonge ulivyomeza, siku kwa siku.» Nimeingia nayo chumbani. Namsikia Mwanvua sebuleni, anamwambia daktari kwamba baba yake hajawahi kusema uongo.

Nimeandika: asubuhi, viwili. Nimekata kwa mstari. Nikiandika sifuri, Mwanvua atauliza ninalipia dhambi gani.

Daktari anagonga. «Mwalimu, umemaliza?»

Nimesema bado.