Probox ya Nzioka kwa Jina Langu

Jumanne, 2 Septemba 2025

Ujumbe kwenye simu kabla ya chai. Mpendwa mteja, gari lako limefungwa Ruiru kwa kukiuka kanuni za maegesho. Lipa au hatua zitachukuliwa. Mtumaji: Tulia Parking. Jina zuri. Wanakufungia gurudumu, halafu wanakuomba utulie.

Gari langu liko hapa Thika, chini ya dirisha. Paka wa jirani amelala juu ya boneti. Ruiru hatujafika tangu mwezi uliopita, si mimi, si gari, si paka.

Nikasoma nambari ya gari upya. Ni ile Probox yangu ya zamani! Nilimuuzia Nzioka mwaka juzi. Anabeba mayai kutoka Theta hadi soko la Githurai 45. Alinilipa pesa zote. Tukaandikiana mkataba kwenye duka la fotokopi, mwenye duka akawa shahidi. Logbook, hati ya umiliki, tukasema tutabadilisha wiki ijayo. Nusu ya magari ya kaunti hii yanasubiri wiki hiyo hiyo.

Kwa serikali, basi, mwenye gari ni mimi. Kwa Tulia Parking, mimi ni mpendwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempata Nzioka. Anasema Jumatatu aliingia kwenye maegesho ya jengo moja la Ruiru, kupeleka trei za mayai kwenye hoteli iliyo ndani. Akalipa shilingi mia kwa M-Pesa, kwenye nambari iliyoandikwa kwa rangi ukutani. Lango likakataa kufunguka.

Ile nambari ni ya kampuni iliyofukuzwa Juni. Tulia walileta ubao wao mpya, nambari ya zamani wakaiacha ukutani. Labda kwa heshima ya marehemu. Walimwambia alipe tena. Akakataa. Akaenda kumwita meneja wa hoteli aje amtetee. Kurudi, klampu, ile pingu ya chuma, iko kwenye gurudumu.

Sasa wanataka elfu tano za klampu, na mia saba kwa kila siku ambayo gari halitaondoka. Halitaondoka kwa sababu wamelifunga. Biashara iliyofikiriwa vizuri.

— Madam, mimi si mwizi wa parking, Nzioka akasema. Nimelipa. Meseji ninayo.

Nikamwambia kwanza nilipie mimi, tubishane baadaye. Akasema tukilipa atakuwa amekiri kosa. Mkaidi. Lakini nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandikia gazeti, na hapo hajakosea.

Jumamosi, 6 Septemba

Ruiru. Nimeusoma ubao wa kanuni. Umewekwa ndani ya lango, ili uusome ukishaingia. Nusu imefunikwa na bougainvillea. Kanuni ya tisa: kwa kuingia umekubali kanuni zote. Ya kumi ndiyo iliyo nyuma ya maua.

Mlinzi anaitwa Mburu. Mtu mcheshi.

— Sasa madam, umekuja kulipa?
— Nimekuja kusoma.
— Kusoma? Aiya! Hiyo kitu hakuna mtu amewahi soma. Hata sisi.

Probox iko kwenye kona, karibu na mapipa. Trei bado zimo ndani. Kwa harufu, hayo mayai yameshapita umri wa kuliwa.

Mburu akaja karibu, akashusha sauti. Magari yanayokawia huvutwa hadi yadi yao ya Thika. Nikamuuliza kama huwa yanarudi.

— Yanarudi. Lakini pole pole. Leo mlango, kesho gearbox.

Brekdauni, gari la kuvuta, huja Ijumaa. Zamu yetu ni Ijumaa ijayo.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepiga ofisi ya Tulia. Msichana anaitwa Gathoni, sauti ya asali. Nikamsomea meseji ya malipo ya Nzioka, neno kwa neno, saa na dakika. Anasikitika sana. Ila pesa hazikufika kwao. Nikauliza kwa nini nambari ya watu wengine bado iko kwenye ukuta wao. Ukuta ni wa mwenye jengo. Na lango? Lango ni lao. Klampu je? Yao pia. Ukuta tu ndio yatima.

Kisha akaja kwenye ukarimu. Mimi ndiye mwenye gari kisheria. Nikitia sahihi karatasi moja kwamba ninawaachia gari, deni linafutwa na jina langu linabaki safi.

— Na Nzioka?
— Huyo kwa system yetu hayuko, madam.

Hayuko. Ametoa mia yake, ameacha gari na mayai, na hayuko. Nikamwambia sitii sahihi. Akanitakia siku njema. Naamini alimaanisha.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempelekea mhariri wangu, Githae, habari hii. Ameisoma akiwa amesimama, dalili mbaya. Anasema si habari, kila mtu hufungiwa gari. Nikamwambia ndiyo maana ni habari. Akacheka. Tangazo la Tulia liko ukurasa wa saba wa gazeti letu, nusu ukurasa, rangi. Watu wenye furaha wakishuka kwenye magari.

Jioni simu kutoka kwa Wayua, mke wa Nzioka. Alianza kwa kuomba nisikasirike. Mayai sasa yanapelekwa kwa boda. Jana yamevunjika trei nne kwenye matuta ya Murera. Wateja wawili wa Githurai wameanza kuchukua kwa mtu mwingine.

— Dada, hiyo gari ndiyo kazi yake yote. Ikienda Thika, basi. Na yeye hataki kukuambia.

Nikamwambia nimesikia. Sikumwahidi kitu. Nikimwahidi mtu kitu huwa lazima nikifanye, inachosha.

Alhamisi, 11 Septemba

Kituo cha polisi, pamoja na Nzioka. Afisa akatusikiliza vizuri. Akasema hilo ni jambo la madai, si jinai, twende mahakamani. Nikauliza kesho gari likivutwa na kufunguliwa boliti itakuwa nini. Itakuwa ni kesho, akasema.

Mahakama. Karani akapokea karatasi zetu, akapiga muhuri. Ombi la kuzuia gari lisihamishwe litasikilizwa Jumatatu. Nzioka akamweleza kwamba brekdauni ni kesho. Karani akasema pole. Alisema kwa moyo kabisa, halafu akaita anayefuata.

Nzioka amekaa kwenye ngazi za mahakama, kofia mkononi. Nikamnunulia soda. Hakuinywa.

Kinachohitajika ni kidogo sana. Gari likae pale lilipo hadi Jumatatu. Siku kumi wamelizuia lisitoke, na sasa tunawaomba waendelee!

Ijumaa, 12 Septemba

Naandikia kwenye usukani wa Vitz yangu, Ruiru.

Nilifika mapema. Brekdauni lilikuwa limeshaingia, Probox imeshanyanyuliwa miguu ya mbele kama mbuzi anayetaka majani ya juu. Nzioka kasimama kando. Dereva anamwambia asogee, mzee, hii ni kazi tu.

Njia ya kutokea ni moja, upana wa gari moja. Nikaingia, nikazunguka, nikasimama kwenye njia hiyo, chini ya kizuizi. Nikazima injini. Sikuwa na mpango wa maana. Nilitaka dakika kumi za kubishana.

Mburu aliniangalia, akaangalia mbali, akakumbuka kazi upande wa pili. Lakini kuna supavaiza, Muriithi, fulana mpya ya kung'aa. Akaja mbio. Hii ni obstruction, unaziba njia! Nikamwambia ni kweli. Hapo akakasirika zaidi. Akaleta klampu, akapiga magoti, akafunga gurudumu langu kwa ustadi ambao lazima niusifu. Akasimama, akapangusa mikono.

— Sasa utoe gari!
— Nitoeje?

Nikaona hesabu ikimfika usoni, tarakimu moja moja.

— Fungua basi, Muriithi, dereva wa brekdauni akapaza sauti.

Hana ufunguo. Hakuna mlinzi mwenye ufunguo. Kampuni haiwaamini, wasije wakafungulia watu kwa pesa ya chai. Ufunguo hukaa na meneja wa operesheni, na meneja wa operesheni yuko kwenye harusi ya dada yake, Nyeri.

Dereva wa brekdauni amezima injini. Nyuma yake kuna Subaru, nyuma ya Subaru lori la mkate, nyuma ya lori mama mmoja anayemweleza Muriithi maisha yake yote na ya wazazi wake. Meneja wa hoteli ametoka kuangalia. Mburu amepeleka kiti kwa Nzioka. Nzioka amekaa, kando ya Probox yake inayoning'inia, na amevaa kofia.

Gathoni amepiga sasa hivi. Sauti ile ile, asali imepungua. Ananiuliza ninataka nini. Ni mara ya kwanza mtu wa ofisi ya Tulia kuniuliza swali. Nikamwambia Probox ishushwe na ikae pale ilipo. Akasema lazima aulize juu. Nisubiri kidogo, madam, nisikate simu.

Sijakata. Kuna muziki wa gospeli. Nimemwambia asiharakishe, nina nafasi hadi Jumatatu.